Sura ya Tisa: Mlango Uliokuwa Ukiimba

Ernestina aliamka na hasira, na kufika Glenwood, mtaa wa Durban, hakukumpunguzia hata chembe. Papa Térence alimpokea getini akiwa na shati jeupe la pasi kali na uso wa msiba. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita mama, akamwita dada, akamwambia Mungu anajua. Ernestina akauchomoa mkono wake. Watu wanaomtanguliza Mungu kabla hujawauliza chochote walimchosha tangu enzi za kazi yake ya upolisi kule Bukoba.

"Nionyeshe mlango," alisema.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja, ambayo Térence aliikodi yote, akagawa vyumba kwa mbao nyembamba na kuwapangisha wanafunzi, wengi wao Watanzania na Wakongo. Juu, ukumbi mwembamba ulipita katikati ya vyumba ukaishia kwenye mlango wa chuma. Ukitaka kushuka ngazi, huna njia nyingine. Wiki iliyopita, kabla ya alfajiri, moto ulianzia jikoni chini. Lulu, binti kutoka Karagwe, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alitoka chumbani mwake mlimokuwa na dirisha la nondo akaukimbilia mlango huo. Zimamoto walimkuta amelala chini yake. Moshi ndio uliomuua.

Mama yake, Scola, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake ili aje kuchukua maiti. Alimtafuta Ernestina kwa sababu aliambiwa kuna mwanamke wa nyumbani hapa Durban anayefanya upelelezi wa kujitegemea. Alimpa kazi moja tu: fundi aliyefunga umeme wa ule mlango afungwe, na afungwe miaka mingi. Agathe, mke wa fundi, alipokuja kutoa pole na birika la chai, Scola aliichukua ile chai akaimwaga yote miguuni pa mgeni. Ernestina alikuwepo. Hakumzuia, na wala hakuona sababu ya kumzuia.

Fundi mwenyewe, Apollinaire, alikuwa mahabusu. Kesho asubuhi alikuwa anapelekwa mahakamani, na alishawaambia polisi kwamba atakubali kosa. Kapteni Khuzwayo, aliyeshika jalada, alikuwa na maelezo mafupi: bodi ya umeme ya bei poa, iliyoendesha mlango, iliganda, mlango haukufunguka, mtoto akafa. Ernestina alikuja hapa ili aweze kumtazama Scola usoni na kumwambia, nimepaona.

"Ile kitu iko faux, ya bandia," Térence alisema, akionyesha ukutani pale polisi walipobandua boksi la umeme wa mlango. "Copie ya copie. Nilimwambia Apollinaire, fundi, weka ya original. Akasema zote ni sawa, miguu ya kuunga waya ni ile ile. Ona sasa. Mutoto ya watu amekufa juu ya bodi ya copie."

"Tangu alipoifunga, kuna mtu mwingine aliyeigusa?"

"Hakuna. Paka yeye, yeye tu."

"Na baada ya moto?"

"Polisi tu. Walikuya, bakachukua boîte yao, bakaenda. Mimi sijagusa hata musumari."

Ukuta wote ulikuwa mweusi kwa moshi. Pale lilipokuwa boksi palibaki umbo jeupe, safi, la ukubwa wa kitabu. Lakini pembeni yake kulikuwa na umbo jingine jeupe, la mraba, dogo kama kiganja, lenye matundu mawili ya skrubu. Chini yake ukutani zilichomoza nyaya mbili, na shaba yake ilikuwa inang'aa pale ilipokatwa. Ernestina alipitisha kidole juu ya ule mraba. Kidole hakikuchafuka.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Wapi? Hapo? Calendrier. Kalenda ya kanisa."

"Kalenda ya kiganja. Yenye skrubu mbili na waya."

"Mama, mimi niko na msiba kama nyinyi bote!"

"Wewe una nyumba iliyoungua, Papa Térence. Msiba uko kwa mwenzako."

Alitoa simu akafungua picha alizopewa na Khuzwayo, zilizopigwa asubuhi ile ya moto wakati kuta bado zinatoa mvuke. Mraba mweupe ulikuwepo tayari. Maana yake kitu kilichoning'inia hapo kilikuwepo wakati wa moshi, na kiliondolewa kabla polisi hawajafika na kamera yao. Kati ya zimamoto na polisi, mtu wa kwanza kupanda ngazi zile, kwa maneno yake mwenyewe katika maelezo yake, alikuwa Térence. Alisema alipanda kumwombea marehemu.

Ernestina aliirudisha simu mfukoni. Alishuka ngazi akilisikia lile shati la pasi likimfuata na pole zake mpaka getini.

*

Laetitia alikuwa amehamia kwa rafiki yake, barabara ile ile, chini kidogo. Alikuwa Mkongo, mwanafunzi mwenzake Lulu, chumba kwa chumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, maana dirisha lake halikuwa na nondo na aliruka kutoka juu mpaka kwenye paa la gereji. Mezani kulikuwa na mfuko wa machungwa.

"Papa Sébastien njo yeye ameleta," alisema. "Associé wa Papa Apollinaire, mwenzake wa kazi, wako na atelier moja, duka ya ufundi, kule Warwick. Ni mutu mwema sana. Iko anakusanya michango kwa kanisa, ya Mama Lulu na ya mke ya Papa Apollinaire. Bote babili."

"Hata kwa Mama Lulu amepeleka machungwa," Ernestina alisema. "Laetitia, kabla ya siku ya moto, mlango uliwahi kukataa?"

"Usiku, ndiyo. Mchana iko sharp, hakuna shida. Ikifika saa ine ya usiku, haufunguke tena mupaka asubuhi. Tulimwambia Papa Térence. Akasema ni bodi ya faux, atamwita fundi. Polisi nao nilibaambia vile vile."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Ernestina alikunja uso. Alikuwa ameishi na vitu vibovu maisha yake yote, friji, magari, wanaume, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kinaharibika kwa ratiba.

"Ulikuwa hivyo tangu mwanzo?"

"Hapana. Mwanzo ilikuwa inafunguka saa yote. Ilianza vile wakati mulango ilibadilisha sauti."

Ernestina aliinua macho. Laetitia akaeleza. Ukibonyeza kitufe cha ndani, mlango ulikuwa unaimba kwanza, noti nne alizoziweka fundi, ndipo sumaku inayoushika inaachia. Wasichana wa kwaya walikuwa wanafanyia mazoezi ukumbini Jumamosi, na kwa kuwa hawakuwa na kinanda, walichukua sauti kwenye mlango. Lulu anabonyeza, mlango unaimba, wao wanaanzia pale ulipoishia. Mpaka Jumamosi moja Lulu alibonyeza kama kawaida, wakaanza, na soprano wote wakapasuka sauti.

"Tulipiga kelele kama mapaka, Mama. Lulu alicheka mupaka akakaa chini. Akasema mlango umepaliwa. Ilikuwa inaimba juu, na haraka haraka, kama mutu anachelewa taxi. Niko nayo kwa téléphone, ya mbele ya kubadilika na ya nyuma yake. Tunajirekodiaka kila mara."

"Nitumie zote mbili." Ernestina alingoja simu yake ilie. Halafu akauliza swali alilokuwa analikwepa tangu aingie. "Siku ya moto ulisikia nini?"

Laetitia aliutazama mkono wake wenye plasta. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa juu ya paa ya garage. Mulango ilikuwa inaimba. Inaimba, inanyamaza, inaimba tena. Niliwaza, Lulu amebonyeza, amefungua, sasa anatoka. Nilishukuru Mungu, Mama. Nilikuwa pale juu na mkono umevunjika, ninashukuru Mungu!"

Ernestina alimshika bega akamwacha alie. Bodi iliyoganda haiimbi. Ile bodi ilisikia kidole cha Lulu, ikajibu, ikaamuru mlango ufunguke, ikaamuru tena na tena, na kuna kitu kingine kilichoushika mlango ule kikasema hapana. Kesi nzima ya Khuzwayo ilikuwa imesimama juu ya bodi iliyokufa, na bodi ilikuwa hai kuliko wote mle ndani.

"Polisi uliwaambia kuhusu wimbo?"

"Hawakuniuliza wimbo. Waliuliza kama mulango ilikuwa mbovu."

*

Apollinaire aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa kandambili na sweta isiyo yake. Alikaa bila kuinua kichwa.

"Mama, niko coupable, kosa ni yangu," alisema. "Niliweka bodi ya copie. Mutoto amekufa. Kesho nitasema mbele ya juge."

"Kesho haijafika. Acha kuungama, unijibu." Ernestina alijisikia ukali wake mwenyewe, lakini hakuupunguza. Wiki nzima alimchukia mtu huyu, na sasa alimkasirikia kwa sababu mpya, kwamba alikuwa anauza maisha yake kwa bei ya bure. "Bodi yako ilikuwa inajua saa?"

"Saa gani?"

"Saa. Usiku na mchana."

"Hapana. Hakuna montre ndani. Programu yangu inahesabu tu, moja, mbili, tatu, halafu inafanya kazi."

"Basi ingewezaje kukataa saa nne za usiku na kukubali asubuhi, kila siku?"

Kwa mara ya kwanza Apollinaire aliinua kichwa. Ernestina akamsukumia simu yenye picha ya bodi iliyopigwa na polisi, ya bluu, ndefu kama kidole, upande mmoja umekaangwa na moto na upande wa pili mzima.

"Hii ndiyo waliyokuonyesha?"

"Walinionyesha boksi. Boksi ni yangu. Nilipoona weusi ndani nililia, Mama, sikuangalia tena." Aliivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akaikuza tena. Kisha akasema polepole, "Hii si yangu."

"Zote ni bluu. Zote zina miguu ile ile. Térence anasema wewe mwenyewe ulimwambia zote ni sawa."

"Miguu ni sawa, ndiyo." Sasa fundi alikuwa ameamka ndani yake, na mikono ilianza kusema pamoja na mdomo. "Sikia. Zamani kulikuwa na bodi moja, watu wakaipenda. Atelier ingine kule China ikaiga, ingine ikaiga ile iliyoiga. Hakuna sheria, hakuna mutu alisaini. Lakini bote bameweka miguu pale pale, taa ndogo kwa kona ile ile, ili mutu kama mimi atoe moja aweke ingine bila kugusa waya. Bameiga kila kitu. Bameiga hata kosa."

"Kosa gani?"

Aliweka ukucha kwenye kipunje cheusi kando ya tundu la waya wa kompyuta. "Hii rezista, ya kupunguza umeme. Ya kwanza ilikuwa na kipimo kibaya, na bengine bote bakaiga kipimo kibaya. Ukichomeka kwa ordinateur, kompyuta, siku zingine inakataa. Mimi, bodi yoyote ikifika mkononi, mbele ya kazi ninaitoa, ninaweka ya sawasawa. Hii iko na ile ya usine, ya kiwandani, haijaguswa. Na ona hapa kwa mwisho, miguu mine iko na risasi ya kuchomelea. Mutu ameingiza programu kwa kupitia hapa, na kifaa kidogo. Mimi sipitiake pale hata siku moja."

"Polisi watasema siku hiyo ulisahau."

"Basi watasema."

Ernestina aliweka simu mezani akacheza rekodi ya kwanza. Sauti za wasichana wakikohoa na kucheka, halafu noti nne, nzito, taratibu. Apollinaire alitabasamu bila kujijua. Kisha akacheza ya pili. Noti zile zile nne, juu, mbio mbio, na msichana mmoja akiangua kicheko. Tabasamu likamtoka.

"Iko programu yangu," alisema. "Lakini chipu ni ingine. Kuna copie moja, chipu yake iko na mbio kuliko zetu. Ni nzuri, haina shida. Lakini mimi nilikuwa mvivu, sikutumia saa ya chipu, niliiambia tu ihesabu. Ukimwambia mutu wa mbio ahesabu, anamaliza mbele ya wakati. Noti zinapanda."

"Kwa hiyo kuna mtu alitoa bodi yako akaweka nyingine, na akaitia wimbo wako. Wimbo uliutoa wapi?"

"Nilitunga. Ni ya kumlalisha binti yangu, Clementina."

"Na nani mwingine anayo programu yenye wimbo huo?"

Apollinaire aliirudisha simu upande wa Ernestina. Askari mlangoni alibadilisha mguu wa kusimamia.

"Iko kwa ordinateur ya atelier," alisema mwishowe.

"Atelier mko wangapi?"

"Mama, usinilazimishe kusema jina ya ndugu yangu."

"Ndugu yako anagawa machungwa mjini na wewe unakwenda jela!" Ernestina alipiga meza, askari akageuka. Akashusha pumzi. "Mlango unaokataa kwa ratiba kuna aliyeuagiza. Térence alikuomba nini ukakataa?"

"Alitaka usiku mulango usifunguke. Wanafunzi basitoke, bageni basilale. Nilisema mulango ya watu inafunguka kwa ndani saa yote. Akanifukuza, akasema atapata mutu mwingine."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Nilifikiri alikosa mutu wa kukubali," Apollinaire alisema. "Nilifikiri bodi yangu njo ilikufa."

*

Ernestina alimpitia Scola kwa sababu Scola alipiga simu na kutaka kujua fundi amesemaje, na Ernestina hakuwa na moyo wa kumjibu kwenye simu. Akamwambia tu, "Mama Lulu, njoo uone mwenyewe." Robot zote, zile taa za barabarani, zilikuwa nyekundu mpaka mjini.

Duka la Apollinaire na Sébastien lilikuwa sokoni Warwick, nyuma ya wauza dawa za mizizi, chumba kimoja chenye kaunta ya kioo na harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Sébastien alipomwona Scola alitoka nyuma ya kaunta mbio, akamletea kiti, akakifuta vumbi kwa shati lake. Alikuwa mtu wa macho laini na sauti ya chini, na kila neno lake lilikuja na pole mbele.

"Kapteni anataka kuonyesha mahakamani jinsi mlango ule ulivyofanya kazi," Ernestina alisema. Huo ulikuwa uongo, na hakuuonea aibu. "Chukua bodi yako yoyote ya hapa dukani, uitie programu ya Apollinaire."

"Ya kumsaidia ndugu yangu? Mara moja, Mama."

Alichukua bodi ya bluu kwenye mfuko. Hakuigusa ile rezista. Aliigeuza, akachomelea pini ndogo kwenye miguu minne ya mwisho, akachomeka kifaa kidogo kama kiberiti, akabofya kompyuta. Ernestina aliifuata mikono yake bila kupepesa. Kisha Sébastien akaunga spika ndogo na kitufe, akabonyeza. Noti nne zikatoka, juu, mbio mbio.

"Voilà," alisema. "Iko bien, iko sawa."

Sikio lake halikuwa la muziki. Hakusikia kosa lolote.

Ernestina alitoa simu akacheza rekodi ya pili. Noti nne, juu, mbio mbio, hizo hizo. Halafu kile kicheko. Kilianza kidogo, kikapanda, kikamshinda mwenyewe, na kati yake sauti ikasema, "Jamani, mlango umepaliwa!"

Scola alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Ni Lulu," alisema. "Huyo ni Lulu wangu."

"Ndiye, Mama Lulu. Anaucheka mlango." Ernestina hakuwa anamtazama yeye. "Mlango alioufunga Apollinaire ulikuwa unaimba chini. Siku ya rekodi hii ulikuwa umeanza kuimba hivi, kama huu wa mezani, kwa sababu mtu aliondoa bodi ya Apollinaire akaweka ya kwake. Mtu mwenye programu hii. Anayepitia miguu minne ya mwisho. Sébastien, wewe na Apollinaire mko wawili humu, na yeye hapitii hapo."

Sébastien alizima ile spika.

"Bodi ni sawa," alisema. "Mama, nakuapia. Compatible kabisa! Miguu yote ni ile ile!"

"Bodi haina kosa. Iliimba mpaka mwisho. Shahidi alikuwa juu ya paa anaisikia. Lulu anabonyeza, inamwimbia, inamwambia toka, na mlango umekaza!" Ernestina alijikuta anapiga kelele, na nje watu walisimama kuchungulia. Hakujali. "Ukutani kulikuwa na nini pembeni ya boksi? Usiniambie kalenda."

Sébastien alitazama sakafu.

"Taima," alisema. "Ile saa nyeupe, ya kuwasha maji moto. Papa Térence alisema usiku ipeleke umeme kwa sumaku kwa njia yake, bodi itake isitake. Betri iko, hata umeme ikatike mulango inashika. Nilimwuliza, na hatari ikitokea? Akasema yeye atakuwa na télécommande, rimoti, atafungua."

"Siku ya moto alikuwa wapi?"

"Kwake. Pinetown, mbali na Glenwood. Alikuwa amelala."

"Na taima sasa iko wapi?"

"Aliitoa asubuhi ile mbele polisi hawajafika. Aliniita kwa téléphone, akasema sisi babili tuko mashua moja. Apollinaire aliposhikwa, akasema yeye mwenyewe anakubali kosa, basi tumwache akubali."

Scola hakuwa amesogea. Alikuwa anamtazama Sébastien kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Na bodi ya Apollinaire?" Ernestina aliuliza.

"Wakati ninaunga taima niligusisha waya, ikaungua. Njo maana niliweka ingine."

"Sijakuuliza ilikufaje. Iko wapi?"

Macho ya Sébastien yaliteleza kwenye droo chini ya kaunta, yakarudi haraka. Ernestina alizunguka kaunta, akavuta droo mwenyewe. Ilijaa bodi zilizokufa, kila moja ikingoja siku ya kunyofolewa kipuri. Mafundi wa Warwick hawatupi kitu. Alizipekua moja moja mpaka akapata ya bluu yenye doa la kuungua pembeni mwa chipu. Kando ya tundu la waya, rezista ilikuwa imebadilishwa, na miguu minne ya mwisho ilikuwa mitupu, safi kama ilivyotoka kiwandani. Aliifunga kwenye leso yake, akampigia Khuzwayo.

"Kapteni, nina bodi ya mlango wa Glenwood. Ile halisi. Ndiyo, najua unayo nyingine. Njoo Warwick uchukue na hii, uchukue na mtu. Halafu mpitie Térence kabla hajapiga pasi shati la kesho."

Sébastien alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye rafu. "Mama Lulu," alisema, "nimekusanya michango kwa ajili yako. Sikulala hata siku moja. Nilikuletea..."

"Nimekula machungwa yako," Scola alisema.

Aliyasema maneno hayo taratibu, bila kelele, na Sébastien akajifunika uso. Scola alimwangalia kidogo zaidi, kisha akampa mgongo, akasimama mlangoni akingoja polisi. Hakugeuka tena mpaka gari la Khuzwayo lilipofika na yule mtu akatolewa akiwa amejifunika kwa koti lake.

Baadaye Ernestina alimfuata Scola kwenye kelele za soko. Angeweza kumwambia kwamba kesho Apollinaire hatakubali kosa lolote. Angeweza kumwambia kwamba kazi aliyompa ameshindwa kuifanya, na anamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Scola alikuwa amesimama mbele ya meza ya mama mmoja muuza bidhaa, anaonyesha vitu kwa kidole kwa sababu Kizulu hakijui: majani ya chai, sukari, tangawizi.

"Yule mke wa fundi, Agathe, anakaa wapi?" aliuliza.

"Si mbali. Nitakupeleka."

"Ile niliyomwaga ilikuwa ya tangawizi," Scola alisema. "Niliisikia harufu." Akachukua mfuko wake akatangulia kwenye gari.